Joto la Juu, Moto wa Chini

Watu wawili wakikutana na hawana la kuambiana, huambiana habari za jua. Hakuna ubaya. Maneno ya hali ya hewa hayamdai mtu kitu wala hayamfichui, na wasemaji wamekwisha kukubaliana kabla hata hawajaanza. "Joto la leo si mchezo." "Tena afadhali jana." Kila mmoja anashika njia yake akiwa amemtambua mwenzake. Mtaa unahitaji mazungumzo ya namna hii, kwani asiyeweza kusema na jirani juu ya jua hataweza kusema naye juu ya mpaka wa shamba.

Ila mazungumzo haya yana tabia moja: hayakai juu. Yakianza na joto, hushuka ardhini. Pwani ya Tanzania, kati ya Desemba na Machi, upepo wa kaskazi ukilegea jioni na nguo zikiganda mwilini, hakosekani mtu barazani wa kusema kwamba fukuto hili lina jambo. Kwamba mara ya mwisho kuona joto kama hili, ardhi ilitikisika. Kwamba huko chini kunatokota. Mwingine ataleta habari za mlima unaofuka moshi, wa tatu atasema anga limechafuka, na kabla kahawa haijapoa, joto, tetemeko, volkano na anga vimekwisha kufungwa mzigo mmoja.

Wanaosema hivyo si wajinga. Binadamu haridhiki na tukio lisilo na sababu, hasa tukio linaloua. Hofu hutafuta sababu kabla ya kutafuta mlango. Tena wana wenzao wakubwa: Aristotle wa Ugiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kwamba ardhi hutikiswa na upepo uliofungiwa ndani yake, na kwamba matetemeko mengi huja hewa inapotulia. Wasomi waliishi na fikra hiyo karne nyingi. Kwa hiyo sioni haja ya kuuliza kwa nini watu huunganisha joto na tetemeko. La kuuliza ni neno hilo linaweza kubeba uzito gani, maana neno la barazani hunyanyuka likaenda kuamua mambo ambayo halikutumwa kuyaamua.

Tuanze na kalenda, kwa kuwa kalenda haina ushabiki. Tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili usiku na dakika chache, ghorofa za Dar es Salaam ziliyumba kwa tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lililotokea chini ya Bahari ya Hindi, kusini mashariki mwa jiji. Watu walishuka ngazi na watoto mikononi. Agosti ni kipupwe. Ndiyo miezi ambayo hata mkazi wa Kariakoo hujifunika shuka alfajiri. Tetemeko la Kagera lilipiga Jumamosi alasiri, 10 Septemba 2016, katika mji wa Bukoba ambao mwinuko wake na Ziwa Victoria huuzuia kujua joto la pwani mwaka mzima. Lile la Subukia, nchini Kenya, lilikuja usiku wa Januari 1928. Lile kubwa la upande wa Rukwa, lililozidi ukubwa wa 7, lilikuja Desemba 1910. Huko China, mji wa Haicheng ulipigwa Februari 1975 katikati ya majira ya baridi kali, na Tangshan ukapigwa Julai mwaka uliofuata, katika joto la kiangazi, ukapoteza watu zaidi ya 240,000. Zipange tarehe hizi utakavyo, ongeza nyingine mia, hutapata msimu.

Basi kwa nini kumbukumbu za watu husema vingine? Kwa sababu siku za joto ni nyingi mno, na zinazopita kimya hakuna azihesabuye. Siku moja kati ya hizo ikigongana na mtikisiko, hupewa heshima ya dalili. Mtikisiko wa siku ya baridi haupotezi simulizi, hupoteza hali yake ya hewa: mtu atakumbuka sahani zilizoanguka kabatini, hatakumbuka kwamba alikuwa amevaa sweta. Yaliyokutana si lazima yawe yamezaliwa pamoja, lakini moyo ulioshtuka huyapa undugu.

Kisha kuna ushahidi wa jembe na kamba ya kisima. Mchimba kisima anajua kwamba udongo unaomchoma nyayo saa sita mchana huwa umepoa kiasi cha mkono mmoja tu kwenda chini. Kwenye mita moja ardhi haitofautishi mchana na usiku. Kwenye mita kumi au kumi na tano haitofautishi masika na kiangazi, na maji ya huko hutoka na ubaridi uleule Januari na Julai. Tetemeko la Kagera lilianzia makumi ya kilomita chini ya nyumba za watu. Jua la Bukoba halina njia ya kufika huko.

Moto wa chini nao upo, tena ni mkubwa kuliko tunavyoufikiria. Katika sehemu nyingi za dunia joto la mwamba huongezeka nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita moja ya kwenda chini. Kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini inayokaribia kilomita nne, mwamba hupita nyuzi 60, na bila kuteremsha barafu huko shimoni wachimbaji wasingemaliza zamu. Sehemu ya joto hilo ni salio la siku dunia ilipoumbika, na nyingine hutoka katika madini yanayooza polepole na kutoa nguvu yake mwambani. Wakenya wa Olkaria wamekuwa wakifua umeme kwa mvuke wake tangu 1981. Lakini mwamba ni mzito kupitisha joto. Kinachofika juu, katika eneo la mita moja ya mraba, ni chini ya sehemu moja ya kumi ya wati, ilhali jua la mchana lililo wima humwaga karibu wati 1,000 juu ya eneo hilohilo. Moto wa chini unaweza kuhamisha nchi, lakini hauwezi kumtoa mtu jasho barazani.

Jasho hilo lina chanzo chake. Mwanzoni mwa Machi jua hupita wima juu ya Dar es Salaam, hewa inayotoka baharini huwa imeshiba maji, na ngozi haikauki. Juu ya hayo kuna jambo ambalo wazee wa zamani hawakuwa nalo: hewa ya ukaa, ambayo kabla ya enzi ya viwanda ilikuwa sehemu 280 hivi katika kila milioni ya hewa, sasa imepita 420, na kila mwaka inazidi. Hapa barazani hupenda kuitupia volkano lawama. Volkano zote za dunia, zikijumlishwa, hutoa chini ya asilimia moja ya hewa ya ukaa inayotolewa na binadamu kwa makaa ya mawe, mafuta na gesi. Mlima haujui kujitetea, na ndiyo maana ni rahisi kuushtaki.

Nimeyatenga haya ili niyarudishe pamoja pale yanapokutana kweli. Maana yanakutana, na mtu anayekanusha kila kitu cha barazani hukosea sawa na anayekiamini chote.

Volkano na anga hukutana, ila kinyume na watu wanavyodhani. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka Juni 1991 ulirusha gesi ya salfa juu sana kupita mawingu ya mvua, ikageuka ukungu mwembamba uliozuia sehemu ya mwanga wa jua, na wastani wa joto la dunia ukashuka kwa karibu nusu digrii kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Tambora wa Indonesia, uliolipuka Aprili 1815, ulifanya zaidi: mwaka uliofuata watu wa Ulaya na kaskazini mashariki mwa Marekani waliona baridi ikiua mazao katikati ya majira ya joto, na mikate ikapanda bei kwa watu ambao hawakuwahi kusikia jina la mlima huo. Mlipuko mkubwa hupoza dunia. Matokeo ya jambo husafiri mbali kuliko habari zake. Mwaka 1883 kishindo cha Krakatau kilisikika hadi kisiwa cha Rodrigues, karibu kilomita 4,800 ng'ambo ya Bahari ya Hindi, na mawe yake mepesi yanayoelea yakaletwa na mikondo ya bahari hadi mwambao wetu huu wa Afrika Mashariki.

Tetemeko na volkano nazo hukutana, na hapa hatuhitaji kuvuka bahari. Julai 2007 ardhi ilitikisika siku baada ya siku kuzunguka mlima Gelai, kusini mwa Ziwa Natron; mtikisiko mmoja, wa tarehe 17, ulifika ukubwa wa 5.9 na kuwatoa watu maofisini Nairobi. Mwamba ulioyeyuka ulikuwa unapasua njia chini kwa chini. Septemba mwaka huo, jirani yake Ol Doinyo Lengai akaanza kurusha majivu. Wafugaji walihamisha mifugo, kwa sababu majani yaliyofunikwa majivu hayo hayafai kuliwa.

Lengai anastahili kutazamwa kwa karibu, kwa maana ndiyo volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya aina yake. Lava ya milima mingine mara nyingi huzidi nyuzi 1,000 na kung'aa nyekundu. Ya Lengai haifiki 600. Mchana ni nyeusi, nyepesi, inateleza kama oili chafu ya gari, na mgeni anaweza kudhani ni tope linalotembea. Ikishaganda, unyevu wa hewa huanza kuifanyia kazi, na baada ya siku chache tu mwamba mweusi umekuwa mweupe. Umande na mvua hubadili rangi ya kilele kizima, hata mtu wa mbali akadhani ni theluji. Anayetaka kuona anga na moto wa chini vikishikana mikono, aende hapo; ataona kwa macho, bila kuhitaji kuambiwa na mtu.

Kuona kwa macho ndiko kunakonifikisha Goma. Katika mji ule wa Kivu, chini ya mlima Nyiragongo, habari za mlima ni habari za kila siku, nazo husemwa kwa Kiswahili. Watu wa huko wanajua mazuku. Ni hewa ya ukaa inayotoka kwenye nyufa za mawe ya zamani na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hulala kwenye mabonde madogo. Haina rangi wala harufu ya kumtahadharisha mtu. Usiku ukiwa mtulivu hujaa. Jua likipanda na upepo ukivuma hupungua. Mbuzi anayeinamisha kichwa kula majani humo huanguka, na mtu mzima akapita wima asijue kilichomuua mbuzi, hadi atakapoinama. Mtoto ana kimo cha mbuzi. Wakazi walizitambua sehemu hizo kwa mizoga ya ndege na wadudu kabla vipimo havijaletwa, na hadi leo mzazi hukataza mtoto kupita bonde fulani asubuhi na mapema. Hayo ni mazungumzo ya hali ya hewa, ya volkano na ya anga kwa pamoja, na yanaokoa maisha, kwa sababu yanasema kilichoonekana, mahali kilipoonekana na saa yake.

Neno la namna hiyo ni jembe. Linatofautiana na neno lililozagaa Goma Mei 2021. Jumamosi tarehe 22, jioni, mbingu iligeuka nyekundu na Nyiragongo ukamwaga lava upande wa mji bila tangazo lolote kutangulia. Kituo cha kuchunguza volkano kilikuwa kimeishiwa fedha za kuendeshea vipimo vyake. Waliokumbuka Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji hadi ziwani, hawakungoja kuambiwa. Walibeba magodoro wakaelekea Gisenyi na Sake. Safari hii lava ilisimama ukingoni mwa mji. Lakini ardhi iliendelea kutikisika kwa siku kadhaa, kuta zikapasuka, na vipimo vikaonyesha kwamba moto ulikuwa umesogea chini ya mji wenyewe na kuelekea ziwani. Alfajiri ya tarehe 27 serikali ikaamuru mitaa mingi ihamwe, na mamia ya maelfu ya watu wakaingia barabarani na majini siku moja.

Ziwa Kivu limebeba kiasi kikubwa cha hewa ya ukaa na methani kwenye maji yake ya chini. Mwaka 1986 Ziwa Nyos la Kameruni, dogo mno ukililinganisha, lilitoa gesi yake usiku mmoja na watu kama 1,700 hawakuamka. Aliyeogopa Goma alikuwa na sababu ya kuogopa. Kilichoharibika ni jinsi hofu ilivyosafiri. Wataalamu walisema huenda. Kwenye simu za watu "huenda" ikadondoka njiani, na ilipofika Bukavu habari ilikuwa kwamba ziwa linalipuka usiku huo. Ziwa halikulipuka. Siwalaumu walioamuru watu waondoke, maana aliyekuwa na vipimo vile mbele yake angekuwa mzembe kunyamaza. Nawafikiria wale waliolala nje kwenye mvua ya Sake, wakipokea kila saa habari mpya kutoka kwa mtu aliyekuwa amelala nje vilevile na hajui lolote zaidi yao. Katika hatari, anayejua kidogo husema sana, kwa kuwa kusema humpa hisia ya kufanya kitu.

Upande wa pili wa mizani uko Italia, na ndio unaonisumbua zaidi. Mji wa L'Aquila ulikuwa unatikiswa na mitetemo midogo kwa miezi. Watu wa huko walikuwa na desturi waliyoachiwa na babu zao: ardhi ikitikisika usiku, chukua blanketi, toka, lala uwanjani au kwenye gari. Mwisho wa Machi 2009 wataalamu walikutana mjini, na ofisa mmoja akawaambia wananchi kupitia vyombo vya habari kwamba hakuna hatari, watulie. Usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Aprili ardhi ilitikisika kabla ya saa sita, ikatikisika tena baadaye kidogo. Ziko familia zilizokumbuka desturi zikatoka. Ziko zilizokumbuka ofisa zikarudi kitandani. Saa tisa na nusu alfajiri likaja lenyewe, na watu 309 wakafa. Wataalamu na ofisa huyo walishtakiwa, wakahukumiwa mwaka 2012, kisha mwaka 2014 mahakama ya rufaa ikawafutia hatia wanasayansi na kumpunguzia ofisa adhabu yake. Nadhani mahakama ilitenda haki, kwa kuwa kutoijua siku si kosa la mtu yeyote. Anayesema tetemeko litakuja Alhamisi na anayesema haliji kabisa wote wamevuka mpaka wa wanachokijua. Ila wa kwanza akikosea watu hulala nje bure, wa pili akikosea watu huzikwa. Kutulizwa si kuwa salama. Na desturi ya babu, isiyodai kujua sababu yoyote na inayosema tu toka nje, ilikuwa na adabu kuliko tamko.

Nimetaja Haicheng juu kama mfano wa baridi. Una jambo jingine. Huko mitetemo midogo ilitangulia, viongozi wakawatoa watu majumbani kabla ya tetemeko kubwa, na wengi sana wakapona. Ulimwengu ulishangilia kwamba siri imejulikana. Mwaka mmoja na nusu baadaye Tangshan haikupewa ishara ya namna ile, na hakuna aliyetolewa. Ardhi haina deni la kurudia ilichofanya jana.

Watu huvumilia vibaya kutojua. Machi 2018 mvua kubwa ilikata barabara ya Narok karibu na Mai Mahiu na kuacha ufa mrefu ambao mtu angeweza kuteremka ndani yake. Ndani ya wiki moja magazeti ya nchi za mbali yalikuwa yanaandika kwamba Afrika inapasuka vipande viwili. Bonde la Ufa linapanuka kweli, kwa milimita chache kila mwaka, taratibu kuliko ukucha unavyoota. Maji yalikuwa yamesomba majivu laini ya volkano za zamani yaliyoziba nafasi ile. Maelezo hayo yalitolewa mapema, na wachache waliyasikiliza. Familia ambayo chumba chake kilimezwa na ufa ilihitaji kiwanja kingine mwezi huo huo. Habari ya bara kupasuka baada ya mamilioni ya miaka haikuipa.

Hapo ndipo ninapoona hasara kubwa ya kuzungumzia joto na tetemeko kwa namna ile ya mzigo mmoja. Maneno yanatumika yote kwenye swali la lini, ambalo halijibiki, na lile linalojibika linabaki bila mwulizaji. Aliyepita Hamugembe, Bukoba, siku zile za Septemba 2016, aliona kwamba nyumba hazikuanguka ovyo. Zilizoanguka kwanza ni kuta za tofali zilizoshikwa kwa udongo. Kona zilifunguka kutoka juu kushuka chini, kila ukuta ukaenda upande wake. Pembetatu ya tofali iliyo chini ya paa ilidondoka peke yake, mara nyingi mlangoni, pale pale mtu anapokimbilia. Nyumba yenye linta, mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya milango na madirisha na kuzunguka kuta zote bila kukatika, ina kitu cha kuzishika kona hizo zikivutwa.

Kila fundi anaujua mkanda huo. Anajua pia kwamba mwenye nyumba, akifika usawa wa dirisha na fedha zikiwa zimepungua, huuliza kama unaweza kuwekwa juu ya matundu tu, zilizobaki zinunue bati kabla ya vuli. Fundi hujibu kwamba nyumba itasimama, na hasemi uongo, kwani itasimama miaka mingi. Katika mikoa ya Kagera, Kigoma, Rukwa na Mbeya, ambako ardhi imekwisha kutikisika na itatikisika tena, mtu anayejenga mwaka huu hawezi kuambiwa na yeyote siku ya tetemeko. Anaweza kuambiwa na fundi, leo hii kabla ya saa ya kufunga kazi, bei ya nondo nne za kuzungusha kuta zote.